Kutoka Tumutumu hadi Takwa: Katika Nyayo za Gakaara wa Wanjaũ

Ukishapita Sagana kuelekea Nyeri, barabara inaanza kupanda, hewa inapoa, na mashamba ya kahawa yanajitokeza huku na huku. Kabla ya kufika Nyeri unaingia Karatina, mji wa soko. Kabeji, karoti, viazi na mitumba huuzwa hapa kwa wingi ambao mgeni huustaajabia. Biashara si jambo geni kwa mji huu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliweka hapa kiwanda cha kukausha mboga za kulishia wanajeshi, na vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, wakulima wa Mathira, eneo la Karatina, wakabaki na mboga zao na uchungu wao.

Mimi nilifika Karatina kwa sababu ya mtambo wa chapa. Katika mji huu Gakaara wa Wanjaũ aliendesha Gakaara Press, akichapisha vitabu na jarida kwa lugha ya Gĩkũyũ. Alizaliwa mwaka 1921 katika eneo la Tumutumu, kilima ambacho ukiwa Karatina hukosi kukiona, na alifariki mwaka 2001. Katika maisha hayo alikuwa mwandishi wa hadithi, mtunzi wa nyimbo za siasa, mhariri, mwenye duka la vitabu, mfungwa wa kizuizini, na mtu aliyeumiza kichwa kwa miaka mingi juu ya namna lugha yake inavyopaswa kuandikwa. Wasomi wa Ulaya na Marekani wameandika juu yake kwa kina. Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili jina lake hutajwa kwa nadra, ingawa kitabu chake kimoja cha mwanzo kabisa alikiandika kwa Kiswahili, na ingawa sehemu kubwa ya kazi yake mashuhuri ilizaliwa kisiwani Manda, ng'ambo tu ya Lamu.

Nimeifuata njia yake kwa vipande, mlimani na pwani, nikiongozwa na swali la kazi: ilikuwaje mtoto wa mchungaji, karani kwa mafunzo, akaamua kwamba kuandika peke yake hakutoshi, lazima pia amiliki njia ya kuchapa na kuuza? Jibu nililolipata limenifanya nimheshimu zaidi kila nilipopiga hatua. Gakaara aliishi kama mtu aliyekwisha kuelewa kwamba lugha isiyo na kiwanda chake cha chapa huishi kwa ruhusa ya wengine.

Anzia Tumutumu. Misheni ya Kanisa la Scotland ilifungua kituo hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo kanisa, hospitali na shule vimekaa pamoja chini ya kilima. Baba yake Gakaara, Johana Wanjaũ, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuwa wachungaji wa Kipresbiteri katika sehemu hizo. Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba yenye vitabu, na vitabu hivyo vilikuwa vya Gĩkũyũ. Hilo ni jambo la kuzingatia. Mmisionari Arthur Ruffell Barlow alikuwa amechapisha uchunguzi wake wa sarufi ya Gĩkũyũ mwaka 1914, Agano Jipya likatoka mwaka 1926, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1951. Kizazi cha Gakaara kilijifunza kusoma lugha ya mama kupitia mikono ya wageni. Wageni ndio waliochagua herufi, wakachagua maneno ya Mungu na ya dhambi, wakachagua na vya kuchapwa. Ukiyaona mazingira hayo kwa macho, unaelewa kwa nini mtu huyu baadaye hakukubali kwamba suala la tahajia ni dogo.

Kutoka Tumutumu alikwenda Alliance High School, shule iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926 na makanisa ya Kiprotestanti, ambako viongozi wengi wa Kenya walisomeshwa. Hakumaliza. Mwaka 1940, mwaka uleule Carey Francis alipochukua ukuu wa shule, kulitokea mgomo wa wanafunzi kuhusu chakula, na Gakaara alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Akaingia jeshini akawa karani. Waandishi wa wasifu huipita miaka hiyo haraka, na mimi nisingeikawilia sana, ila kwa jambo moja. Ukarani ulimfundisha kuweka kumbukumbu: tarehe, majina, barua zilizoingia na zilizotoka, hesabu ya kilichotumika. Mkono huohuo wa karani ndio ulioandika shajara ya kizuizini kisiwani Manda, na ndio ulioendesha biashara ya vitabu.

Vita vilipokwisha, vijana waliorudi walirudi na fedha kidogo na hasira nyingi. Walikuwa wameona dunia, na nyumbani walikuta kipande shingoni na ardhi imekwisha kugawanywa. Mwaka 1946 Gakaara na wenzake waliunda kampuni waliyoiita African Book Writers Ltd. Hebu litazame jina hilo kwa jinsi watu wa wakati ule walivyolitazama. Waafrika, waandishi wa vitabu, tena kampuni iliyosajiliwa. Kitabu chake cha kwanza, Ũhoro wa Ũgũrani, kilihusu uchumba na ndoa, jambo lililowakera sana vijana wale waliotaka kuoa wakiwa na mifuko mitupu. Hakuanza na siasa. Alianza na lile ambalo msomaji wake alikuwa akilizungumza kila jioni, kwa lugha aliyoizungumzia. Mwenye biashara yoyote atakwambia kwamba huo ndio mwanzo sahihi.

Serikali nayo ilikuwa na mipango yake. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, chini ya uongozi wa Charles Richards, kuwapatia Waafrika vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani. Shirika hilo lilifanya kazi nyingi nzuri, na waandishi wetu kadhaa wa Kiswahili walipitia mlango wake. Lakini mlango ulikuwa na bawabu. Mwandishi alipeleka mswada, ukasomwa, ukapimwa, ukakubaliwa au ukarudishwa. Shaaban Robert, kwa upande wake, alichapishiwa Kusadikika mwaka 1951 na Nelson, kampuni ya Uingereza. Huko nyanda za juu za Kenya kundi la akina Gakaara lilikuwa likishika njia ya tatu. Aliyetaka kuchapisha alikwenda mwenyewe kwa wapiga chapa wa Kihindi wa Nairobi, akakubaliana nao bei, akalipa, akabeba marobota ya vijitabu, akayauza kupitia mawakala, sokoni na kwa posta. Ndivyo lilivyosimama gazeti la Henry Muoria, Mũmenyereri, lililoanza mwaka 1945, na ndivyo vilivyosimama vijitabu na nyimbo nyingi za miaka ile. Hapakuwa na ruzuku. Msomaji asiponunua, toleo linalofuata halipo.

Sasa njia inaingia Bonde la Ufa, Elburgon, nchi ya baridi na misitu ya miti ya mbao. Gakaara aliishi huko mwishoni mwa miaka ya 1940, na aliyoyaona ni maisha ya maskwota: familia za Wakikuyu zilizokuwa zimelima kwenye mashamba ya walowezi kwa miongo, sasa zikipunguziwa mifugo, zikiongezewa siku za kazi, zikitishwa kufukuzwa. Si mbali na hapo, Olenguruone, watu walikuwa wakikataa amri za serikali na kula kiapo cha umoja, na hatimaye wakahamishwa kwa nguvu. Katika hali hiyo, mwaka 1948, Gakaara alitoa kijitabu cha Kiswahili: Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika.

Nimekifikiria sana kijitabu hiki. Kwa nini Kiswahili, wakati mwandishi ni mtetezi wa Gĩkũyũ? Ukikaa Elburgon unaona sababu. Katika mashamba na viwanda vya mbao vya Bonde la Ufa Mkikuyu alifanya kazi bega kwa bega na Mluhya, Mjaluo, Mkipsigis na Mkamba. Kiswahili walichokisikia kila siku kutoka kwa walowezi kilikuwa cha amri: lete, beba, ondoka. Gakaara alikichukua Kiswahili hichohicho akakitumia kumwambia mfanyakazi kwamba yeye ni mtu kamili, kwamba ubaguzi wa rangi haukuandikwa mbinguni, na kwamba bidii yake ni mali yake. Baadaye alikitoa kwa Gĩkũyũ kwa jina la Mageria Nomo Mahota. Serikali ilikipiga marufuku. Historia ya fasihi ya Kiswahili, kama tunavyoifundisha, hupita Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja. Ingefaa isimame kidogo Elburgon pia, kwa sababu hapo Kiswahili cha bara kilitumiwa kama silaha ya hoja, na mtu ambaye hakuzaliwa nacho.

Mwaka 1952 alikuwa Nairobi, na huo ulikuwa mwaka wake wa kazi nyingi kuliko yote. Alianzisha jarida la kila mwezi, Waigua Atĩa? Alitoa nyimbo. Na alitoa andiko fupi ambalo lilimgharimu uhuru wake: Wĩtĩkio wa Gĩkũyũ na Mũmbi, ungamo la imani lililofuata mpangilio wa Imani ya Mitume, ile ambayo Wakristo husimama kuitamka kanisani kila Jumapili. Ndani yake wazazi wa taifa la Gĩkũyũ na viongozi wake walichukua nafasi zao mbele ya Mungu.

Watu wamelieleza andiko hilo kama kejeli kwa kanisa. Sikubaliani nao. Mtoto wa mchungaji wa Tumutumu aliijua sala hiyo kwa moyo tangu utotoni. Alijua kwamba Wakikuyu waliosoma walikuwa nayo ulimini, kwamba hawakuhitaji kufundishwa mapigo yake, na kwamba maneno mapya yakipandishwa juu ya mapigo yale yangeshikwa kwa siku moja na kusemwa na maelfu. Huo ni ujuzi wa mtunzi na ni ujuzi wa mchapishaji kwa pamoja. Pia ni jambo zito la kiroho: kudai kwamba watu wake nao wana imani yenye haki ya kutamkwa kwa kusimama. Wakuu wa serikali walilielewa vizuri, ndiyo maana likawa mojawapo ya mambo yaliyotumiwa dhidi yake.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari dhidi ya vuguvugu la Mau Mau, na usiku huohuo operesheni iliyopewa jina la Jock Scott ikaanza. Jomo Kenyatta alikamatwa, pamoja na viongozi wengine wa chama cha Kenya African Union (KAU), na Gakaara alikuwa kwenye orodha. Magazeti ya Waafrika yakafungwa. Muoria wa Mũmenyereri alikuwa London wakati huo, akakwama huko uhamishoni. Kwa mkupuo mmoja tasnia nzima ya uchapishaji iliyojengwa na watu wasio na mtaji ilizimwa, na mimi naamini hasara hiyo haijapimwa ipasavyo hadi leo. Tunahesabu waliokufa na ardhi iliyochukuliwa, na ni haki. Hatuhesabu wasomaji waliopoteza mazoea ya kununua kitabu cha lugha yao kila mwezi.

Wengi wa waliokamatwa, Gakaara akiwamo, hawakufikishwa mahakamani. Waliitwa watu waliozuiliwa, na kuzuiliwa huko hakukuwa na kikomo. Gakaara alipelekwa Kajiado kwanza, katika nchi kavu ya Wamaasai, kisha baharini, kisiwani Manda.

Msafiri wa leo anayekwenda Lamu kwa ndege hutua Manda, kwa maana uwanja wa ndege uko huko, akavuka kwa mashua hadi mjini. Wachache huuliza kisiwa hiki kilikuwa nini katika miaka ya 1950. Ili kufika Takwa, upande wa pili, unahitaji mashua na mtu anayeyajua maji. Mkono wa bahari unaingia ndani katikati ya mikoko, nao hupitika maji yakijaa tu. Ukikosea saa unabaki umekwama kwenye matope. Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17: msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kuta za nyumba za matumbawe, na kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela, wanaojihesabu kuwa wana wa mji huo, huenda kuomba dua. Mji ulihamwa, na kupungua kwa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu. Jina la mji huo uliohamwa ndilo ambalo serikali ililipa kambi ya wale iliowaona kuwa wagumu zaidi.

Hapa niliona jambo ambalo sikulikuta katika vitabu nilivyosoma. Wakoloni walidhani wamewatupa wafungwa mahali pa ukimya, mbali na kila msomaji. Lakini funguvisiwa la Lamu ni mojawapo ya nyumba kongwe za kitabu katika Afrika Mashariki. Siyu, katika kisiwa jirani cha Pate, palikuwa na waandishi waliokuwa wakinakili Kurani kwa mkono na kuzipamba, kazi iliyojulikana pwani nzima. Mwana Kupona alitunga utendi wake katika eneo hilohilo mwaka 1858. Mtu kutoka Tumutumu, aliyefundishwa kwamba uandishi uliletwa na misheni, aliwekwa kizuizini katikati ya bahari ambako Waafrika walikuwa wakiandika na kunakili vitabu kwa karne kadhaa. Nasema hivi kwa furaha na si kwa kubahatisha: pale Manda mila mbili za kitabu za Kenya zilikaribiana sana, moja ya hati za Kiarabu na nyingine ya herufi za Kilatini, na waya wa seng'enge ukiwa katikati.

Kisiwani humo walikuwamo watu wa magazeti wengi kuliko ilivyo katika vyumba vingi vya habari. Achieng' Oneko, aliyehukumiwa pamoja na Kenyatta Kapenguria kisha akashinda rufaa lakini akazuiliwa tena, alikuwa amehariri gazeti la Ramogi. Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari mwenye asili ya Goa, alishikiliwa Takwa kwa miaka kadhaa. Baada ya uhuru angesimamia kiwanda cha magazeti jijini Nairobi, na tarehe 24 Februari 1965 angeuawa kwa risasi nje ya nyumba yake.

Gakaara aliandika shajara, kwa Gĩkũyũ, na kwa siri. Aliandika usiku wa kukamatwa, safari, kambi, mabishano ya wafungwa wenyewe, barua za nyumbani na jinsi zilivyochelewa, madai waliyoyapeleka kwa wakuu wa kambi. Mkono wa karani uko kila mahali. Hakuandika ili kujitukuza. Kuna siku ambazo wafungwa hawapatani, kuna siku za woga, na kuna kumbukumbu za mume aliyetenganishwa na mkewe na watoto. Shajara hiyo ina uzito ambao kumbukumbu za baadaye za watu wengi hazina, kwa sababu iliandikwa wakati mwandishi hajui kama atatoka.

Kutoka Manda alipelekwa Athi River, kambi iliyoendeshwa kwa nia ya kuwageuza wafungwa mawazo kwa mahubiri, mafunzo na maungamo. Huko aliandika tamthilia kwa ajili ya kambi. Wako wanaolishika jambo hilo kama doa. Mimi nadhani asiyepitia miaka ya kizuizini bila kujua mwisho wake ana wajibu wa kusema polepole. Mwandishi aliyenyimwa kila kitu alipewa kalamu na jukwaa kwa masharti mabaya, akaandika. Na shajara ya siri iliendelea kuwako. Baadaye alifika Hola, kambi ya Mto Tana ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa na askari, na habari hizo zikaitikisa Bunge la Uingereza.

Alipoachiliwa, ilikuwa imebaki miaka michache tu bendera ibadilike. Mtu mwingine angedai cheo. Gakaara alirudi kwenye biashara ya vitabu. Katika miaka ya 1960 alitoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi, ambamo alimjenga mhusika Wa-Nduuta, ambaye visa vyake viliwachekesha wasomaji na kuwapasha habari za maisha ya uhuru kwa miaka mingi. Baadaye kituo chake kikawa Karatina.

Naomba nikae hapa kidogo, maana watu hupenda kumkumbuka mfungwa na kumsahau mwenye kiwanda. Kuchapisha kwa Gĩkũyũ katika Kenya huru hakukuwa kazi rahisi kuliko wakati wa mkoloni. Fedha za vitabu zilikuwa shuleni, na shule zilikuwa za Kiingereza. Wizara ya Elimu iliponunua vitabu ilinunua kwa mashirika ya umma na kampuni kubwa za kigeni zenye matawi Nairobi. Kitabu cha lugha ya mama kilitazamwa na baadhi ya wakubwa kwa shaka, kana kwamba mtu anayesoma kwa lugha ya mama yake ni adui wa taifa. Mpiga chapa wa mji mdogo alilazimika kununua karatasi kwa bei ya rejareja, kutunza mashine isiyo na vipuri, na kuchapa kadi za harusi na risiti ili vitabu vipate kula. Halafu kulikuwa na suala la herufi. Gĩkũyũ ina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, zinahitaji alama juu. Taipureta za kawaida hazikuwa nazo, na wapiga chapa wengi waliziacha. Msomaji akabaki kukisia.

Sisi wa Kiswahili tulipata bahati. Irabu zetu tano zinaingia katika alfabeti ya Kilatini bila kulazimishwa, na tangu mwaka 1930 palikuwa na kamati ya lugha ya nchi nne kuamua tahajia. Gĩkũyũ ilirithi namna tofauti za kuandika kutoka kwa misheni tofauti. Gakaara alilivalia njuga jambo hilo kama mtaalamu. Alitaka urefu wa irabu uonyeshwe kwa kuandika herufi mara mbili, kwa sababu katika lugha hiyo urefu hubadili maana. Alitoa vitabu vya kufundishia kusoma, na mwaka 1991 akatoa Mwandĩkĩre wa Gĩkũyũ Karĩng'a, kitabu cha kanuni za uandishi sahihi. Hakuwa na shahada ya isimu. Alikuwa na miongo ya kupanga maneno ya lugha hiyo kwenye ukurasa, kuyasoma kwa sauti, na kusikia malalamiko ya wateja. Naliita hilo elimu bila kusita.

Mlango wa dunia ulimfungukia kwa njia iliyopitia gerezani kwa mtu mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977 baada ya mchezo wa kuigiza uliochezwa kijijini Kamĩrĩĩthũ, na akiwa gereza la Kamiti aliandika kitabu cha riwaya kwa Gĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za chooni. Henry Chakava wa Heinemann, Nairobi, alikichapisha mwaka 1980, na kikauzwa kuliko ilivyotarajiwa. Wasioweza kununua walisomewa kwa sauti katika baa na kwenye matatu. Chakava akaona kwamba soko lipo. Mwaka 1983 Heinemann ilitoa shajara ya Gakaara, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, zaidi ya miaka 30 tangu usiku ule wa Oktoba. Mwaka 1984 kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Noma ya Uchapishaji Afrika, sambamba na Fools and Other Stories cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tuzo hiyo ilianzishwa na Shoichi Noma, mchapishaji wa Japani, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Mariama Bâ. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1988.

Kati ya tuzo na tafsiri hiyo, serikali ya nchi aliyoipigania ilimkamata. Ilikuwa mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, chama cha siri kilichodaiwa kutaka kuipindua serikali, na Gakaara alikuwa mzee wa miaka 65 hivi. Wengi waliokamatwa katika msako huo walipitishwa katika vyumba vya chini ya jumba la Nyayo, Nairobi, na yaliyotendeka humo yanajulikana sasa kwa ushahidi wa wengi. Aliachiliwa, akarudi Karatina, akaendelea kuandika juu ya tahajia. Sijui tendo la ujasiri zaidi ya hilo katika maisha yake yote.

Leo anayetaka kumchunguza kwa kina anaweza kwenda Marekani, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, ambako nakala za karatasi zake zimehifadhiwa. Cristiana Pugliese, msomi wa Italia, alitoa kitabu kuhusu maisha na maandishi yake mwaka 1995, na mwanahistoria Derek Peterson amezitumia sana karatasi hizo katika uchunguzi wake wa maandishi ya Wakikuyu na ya wafungwa wa Mau Mau. Nawashukuru wote wawili, kwa kuwa bila wao mengi ya haya yasingefuatilika. Lakini barua zilizoandikwa Manda na Karatina zinastahili kusomwa pia na watoto wa Manda na Karatina.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachapishaji wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Shajara ya Gakaara wa Wanjaũ ni sehemu ya historia ya pwani kama ilivyo sehemu ya historia ya mlima. Itoeni kwa Kiswahili, mfasiri akifanya kazi moja kwa moja kutoka Gĩkũyũ bila kupitia Kiingereza. Iwekeeni ramani inayoonyesha Kajiado, Takwa, Athi River na Hola, na maelezo ya majina ya watu wa zamani ambao vijana hawawajui. Kichapisheni upya pia kijitabu cha Kiswahili cha mwaka 1948, maana kilikuwa chetu tangu mwanzo. Na bei iwe ile ambayo mwalimu wa shule ya msingi Lamu au Mathira anaweza kuilipa kutoka mfukoni mwake mwisho wa mwezi, kwa kuwa huyo ndiye msomaji ambaye Gakaara alimwekea kiwanda maisha yake yote.